Miguu Niliyoificha Kwenye Njia ya Kapolowe

Amani ya Bwana iwe nanyi, ndugu zangu. Wengi mnanijua: mimi ndiye ninayekagua mizigo yenu kabla ya hija yetu ya kutembea kwa miguu kutoka Likasi mpaka misheni ya Kapolowe. Kofia, bidoni ya maji, koti la mvua, shuka, soksi za kubadilisha. Asiye na bidoni namrudisha nyumbani, hata akinuna. Leo nimekuja kuwaeleza habari za mzigo wangu mwenyewe.

Mtakumbuka kwamba nilisimama hapa hapa nikashuhudia kuwa Bwana ameniponya ugonjwa wa sukari. Mliimba, akina mama wakapiga vigelegele. Ndugu zangu, sikudanganya kwa makusudi. Miguu ilikuwa ikiniwaka moto miezi mingi, kisha ikatulia yenyewe. Nikasema basi, nimepona, nikaacha dawa. Baadaye kiu ikarudi, nikaanza kukonda, nikajua. Lakini ningewaambia nini? Mtu akishashuhudia, anarudi nyuma vipi? Nikanyamaza.

Mwaka ule nilinunua viatu vipya vya ngozi kwa ajili ya hija. Nyinyi niliwakataza viatu vipya. Mimi nikajiruhusu, kwa sababu nilijiambia kwamba anayetangulia na msalaba hawezi kwenda na raba zilizopasuka. Kiburi tu. Tukatembea siku nzima juani, wengine wakilalamikia vidole. Mimi hakuna kilichoniuma, nikawacheka.

Jioni tulifika kwenye shule moja kando ya barabara, tulale pale. Mama Yumba, mnayemwona kwenye benchi ya tatu, aliwahi kusafisha madini mtoni kule Kakanda. Wanawake wa kazi ile wanashinda ndani ya maji, miguu inakufa ganzi, jiwe likiwakata hawasikii. Kwa hiyo wakitoka majini, kila mmoja anaweka miguu yake juu ya mapaja ya mwenzake, anaangaliwa. Hakuna anayejiangalia mwenyewe. Mama Yumba aliwapanga mahujaji hivyo hivyo, kisha akafika kwangu.

"Papa, toa bilato," akasema, maana yake viatu.

"Minye siko na kidonda, mama. Hakuna kitu inaniuma."

"Bale benye habasikie maumivu, njo naanza nabo." Yaani wasiosikia maumivu ndio anaoanza nao.

Nilikasirika. Mwanamume mzima, kiongozi, kushikwa miguu mbele ya watu. Lakini wote walikuwa wanatazama, nikavua. Soksi ya kushoto ilikuwa imelowa damu na kugandamana na ngozi. Kisigino kimechunika, chini ya kidole gumba pana shimo, na ndani ya kiatu mna kokoto. Nilikuwa nimetembea nayo tangu asubuhi. Mama Yumba alibonyeza pembeni ya kidonda huku akiniangalia usoni. Sikusikia kitu. Hapo niliogopa, ndugu zangu, niliogopa sana. Ule utulivu wa miguu niliomshukuru Mungu kwa ajili yake ulikuwa ugonjwa wenyewe.

Nikamweleza yote, tangu ule ushuhuda. Hakunihubiria. Aliosha kidonda, akakifunga kwa kitambaa safi, akasimamisha pikipiki ya kunirudisha Likasi. Daktari akasema kama ningetembea siku ya pili, mguu ungekatwa. Nililala hospitalini wiki nyingi. Mguu ulibaki.

Jumamosi hija inaondoka tena. Mimi nitapanda gari la mizigo, na miguuni nitavaa raba kuukuu. Kwenye orodha nimeongeza jambo moja: kila jioni, kila mtu ampe mwenzake miguu aiangalie. Nitaanza mimi. Na wewe uliyeshuhudia kwa haraka, kisha ukaacha dawa au unazimeza kwa kujificha, njoo tuonane baada ya ibada. Mungu hataaibika kwa sababu yako. Mtumaini yeye, na viatu uvue.

Basi niurekebishe ushuhuda wangu wa kwanza mbele yenu wote. Sijapona. Nameza dawa asubuhi na jioni, na Bwana asifiwe.