Niliyachoma Majani ya Mume Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe humu ndani, asifiwe na huko nje kwa waliokosa nafasi kwenye benchi! Mimi ni Numbi, mke wa Ilunga. Mnanijua. Ninakaa nyuma ya stesheni, na wengi wenu mmekula bukari nyumbani kwangu. Lakini neno nililolileta leo hamlijui, maana nililificha hata kwa mume wangu, tuliyekuwa tukila naye sahani moja.

Ilunga wangu yuko chuo kikuu kule Elisabethville, anasoma biolojia. Ndiyo, chekeni, hata mimi nilicheka. Alipopata nafasi ile watu walikuja kutupongeza, na kila mmoja aliuliza: atatoka daktari? Hapana. Atatoka karani? Hapana. Biolojia ni kujifunza kila chenye uhai, tangu kiroboto hadi tembo, kimeumbwa vipi na kinaishi vipi. Mjomba wangu alishindwa kabisa kuelewa. "Muntu muzima vile anapanda treni juu ya kusoma majani?" aliuliza. "Hapa Kamina hakuna majani?"

Mwisho wa mwaka wa kwanza Ilunga alirudi kwa likizo ndefu, wakati wa kiangazi. Mwalimu wake alikuwa amewapa wanafunzi kazi: kila mmoja alete mimea arobaini ya kwao, iliyokaushwa. Siyo kuchuma ovyo, ndugu zangu! Mmea uwe na mzizi, na jani, na ua. Unaulaza ndani ya gazeti kuukuu, unaunyoosha taratibu kama unavyomlaza mtoto mchanga, unafunika kwa ubao, unaweka mawe juu. Kila siku unabadilisha karatasi mpaka mmea ukauke, la sivyo ukungu unaingia. Kisha unauandikia: umetoka wapi, siku gani, nani aliuchuma. Asiyeleta kazi hiyo haingii mwaka wa pili. Anarudi kwao na sanduku lake.

Basi Ilunga alizunguka karibu miezi miwili. Kiangazi ni kibaya kwa kazi ile, wawindaji wanachoma nyasi na maua ni machache. Alikwenda mitoni, aliingia kwenye matope, alirudi suruali imechafuka hadi magotini, anafurahia ua dogo ambalo hata punda asingelitazama. Mbao zake na mawe yake aliviweka chini ya kitanda chetu.

Na mimi? Acheni niseme wazi, maana nimesimama mbele za Mungu. Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa. Mimba moja nilibeba, ikatoka. Baada ya hapo, kimya. Wenzangu walioolewa mwaka mmoja nami walikuwa wanaitwa Mama Banza, Mama Kasongo. Mimi nilibaki Numbi. Hakuna aliyenitukana. Mama mkwe wangu, huyu aliyekaa pale na kitambaa cheupe kichwani, hakuwahi kunitupia neno hata moja. Lakini moyo wangu wenyewe ulinitukana kila asubuhi. Ilunga aliposimulia habari za mjini, za wasichana wanaojua Kifaransa na kuvaa viatu siku zote, mimi nilimsikiliza kama polisi anayemsikiliza mwizi. Nilijiambia: huyu anatafuta njia ya kutoka.

Asubuhi moja alikwenda stesheni kuulizia treni yake. Nikafagia chumba. Nikavuta zile mbao, nikaondoa mawe, nikafungua magazeti. Mimi ni mtoto wa shamba, majani yale niliyajua karibu yote. Nikafungua la kwanza, nikafungua la pili. Kwenye gazeti la sita au la saba nikakuta jani ambalo sikutegemea kulikuta humo. Akina mama wengine mnalijua, sitalitaja hapa. Ni lile ambalo vikongwe wetu wanampa mwanamke asiyetaka tena kuzaa. Linafunga tumbo.

Jani la kufunga tumbo, chini ya kitanda changu! Kikulacho ki nguoni mwako! Nikasema, kumbe ni yeye. Ananifunga tumbo ili apate sababu ya kunirudisha kwa baba yangu, aoe msichana wa mjini. Sikuuliza. Sikuomba. Nilibeba magazeti yote hadi jikoni nikayatia motoni, moja moja, mimea arobaini. Yaliwaka upesi, alikuwa ameyakausha vizuri. Kisha shetani akanifundisha kazi ya pili: nikachukua magazeti mengine matupu, nikayapanga kati ya mbao, nikarudisha mawe kama yalivyokuwa. Ilunga alikuwa amemaliza kukausha, hakuwa na sababu ya kuyafungua tena. Angeyafungua mbele ya mwalimu wake.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kabla ya safari.

Nilidhani nitapata raha. Raha gani, ndugu zangu! Nilikula bila kusikia ladha. Nikipita karibu na kitanda nilitazama pembeni. Ilunga alinitania, "Numbi, weye unanuna juu ya nini? Minyi hata sijaenda bado!" Alidhani nalilia safari yake, maskini, na akazidi kunipenda. Alinichotea maji mwenyewe, jambo ambalo jirani zetu walilisema siku mbili nzima.

Jumapili akasimama humu humu, karibu na dirisha lile, akaomba kanisa limwombee. Nayakumbuka maneno yake: "Bandugu, munisaidie na maombi. Kazi yangu yote iko tayari. Na mumushukuru muke yangu, njo yeye analinda majani yangu ndani ya nyumba."

Mkapiga makofi! Ninyi wenyewe! Mlinigeukia mkacheka kwa upendo, na mimi ngozi yangu yote ikapata moto. Pasta akaanza kuomba, nikashindwa kufunga macho. Nilimtazama mume wangu shingoni. Shingo ilikuwa imekonda kwa kutembea mitoni. Nilimhurumia mtu yule hata nikataka kulia. Na hapo, kwa mara ya kwanza, nikajiuliza swali ambalo lilikuwa mbele yangu tangu mwanzo. Mtu anayetaka kunifunga tumbo, kwa nini jani lile alilikausha zima, na mzizi wake na ua lake, akaliandikia siku na mahali? Dawa husagwa, dawa huchemshwa. Mlozi gani anaandika tarehe kwenye dawa yake?

Siku ile sikuomba mtoto. Niliomba kinywa. Nilisema, Bwana, nipe kinywa cha kusema kabla treni haijafika. Na akanipa! Asifiwe!

Tulipofika nyumbani nilisema, jikoni, nikisonga bukari, maana nilijua nikingoja kuketi nitaogopa tena.

"Ilunga, yale majani yako, ni minyi njo nilichoma. Yote."

Akacheka. Alidhani ni mzaha. Nikaenda nikavuta mbao, nikamfungulia. Karatasi tupu, na nyingine, na nyingine. Ilunga akakaa chini sakafuni.

"Juu ya nini, Numbi?"

Nikamwambia. Jani, tumbo langu, msichana wa mjini ambaye hata hayupo, yote yalinitoka pamoja na machozi. Alizigeuza zile karatasi tupu, moja moja. Halafu akasema polepole, "Ile jani, minyi hata jina yake sijue. Niliona maua yake kando ya mutoni, ikanipendeza. Njo ile tu."

Akainuka, akatoka nje bila kunitazama. Nikajua yamekwisha. Nikaanza kufunga nguo zangu ndani ya kikwembe, mbili tatu tu, nirudi kwetu kabla sijarudishwa. Kufumba na kufumbua, namwona amerudi na mama yake, wameshika majembe mawili. Akautazama mzigo wangu.

"Fungula ile mizigo," akasema. "Kumbe weye unajua majani, na minyi ninazunguka peke yangu miezi mbili! Twende. Weye unaonyesha, sisi tunachimbula."

Haleluya! Hapo ndipo nilipofunguliwa, ndugu zangu. Wengine wanafunguliwa kwa kuwekewa mikono. Mimi nilifunguliwa kwa kuambiwa, "Twende."

Tulichuma kando ya reli, tulichuma mashambani, tulishuka hadi mtoni. Mama mkwe wangu aliingia matopeni na umri wake ule, sketi ameifunga kiunoni, akinichokoza: "Mwana wangu, mficha uchi hazai!" Methali ile nilikuwa naichukia, mnaelewa kwa nini. Siku ile nilimtazama, naye akanitazama, tukacheka mpaka jembe lake likazama majini.

Siku zilikuwa chache, mimea haikuwa na muda wa kukauka chini ya mawe. Nikaleta pasi yangu ya makaa. Unaweka gazeti juu ya mmea, unapitisha pasi kidogo, unainua, unapitisha tena. Ilunga hakuamini macho yake! Huko chuoni hawakuwa wamefundishwa hivyo. Mmea mmoja niliuunguza ukawa mweusi, nikashika kichwa. Ilunga akasema, "Numbi, weye unapenda moto sana." Hakusema kwa uchungu. Tangu siku ile sijamsikia akinisema kwa uchungu.

Jani lile nalo nilikwenda kulichimba mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, na mzizi wake na ua lake. Nikalilaza kwenye gazeti. Nikamwambia jina lake la Kiluba na kazi yake, akaandika. Kila mmea nilimpa jina lake na kazi yake: huu wa tumbo la kuhara, huu wa kusukia vikapu, huu mbuzi wanaupenda sana. Na pale pa kuandika aliyechuma, niliona ameandika majina mawili. Ilunga na Numbi. Kwenye kila karatasi.

Hatukufika arobaini. Tulifika ishirini na tisa. Mahali pengi palikuwa pameungua, na maua mengine yalikuwa yamekwisha. Alipanda treni na ishirini na tisa, tukijua anaweza kurudi na sanduku lake. Pale stesheni alinishika mkono mbele za watu akaniambia, "Tukizala, tutashukuru. Tukikosa kuzala, minyi nitarudia tu kwako."

Barua ilikuja. Mwalimu alihesabu, akauliza mimea kumi na moja iko wapi. Ilunga akasema kweli yote: mke wangu alichoma, na mke wangu akanisaidia kuchuma tena. Mwalimu akakaa kusoma karatasi zile, yale majina na zile kazi, akauliza huyo Numbi alisoma wapi. Kisha akampokea mwaka wa pili, kwa sharti kwamba kumi na moja iliyobaki ije likizo ijayo. Tumekwisha kuanza kuitafuta, mimi na mama mkwe.

Sasa, ninajua mnangoja nini. Tangu nisimame mnanitazama tumbo, mnasema sasa atatuambia. Hapana, ndugu zangu. Sijapata mtoto. Kila mwezi nalia kidogo, kisha nanawa uso. Lakini namshukuru Bwana leo kwa sauti ile ile ambayo ningemshukuru kama ningekuwa na mtoto mgongoni, kwa sababu aliniokoa nisimpoteze mtu anayenipenda, kwa kosa ambalo hakulifanya.

Wewe mwenye neno moyoni juu ya mtu wa nyumbani mwako, usingoje hata wimbo wa mwisho. Mwamini Yesu, nenda nyumbani, ukaulize. Uliza tu! Mimi sikuuliza, nikachoma. Nenda ukaulize, na kabla hujamaliza swali utamkuta Bwana ameketi kati yenu.