Aaltje Riemersma na Uzio wa Mwaloni wa Touwkade

Ijumaa ya tarehe 28 Juni, Aaltje Riemersma anastaafu baada ya kuitumikia Idara ya Kazi za Umma ya mji wetu wa Oudervaart kwa miaka thelathini na minne. Sherehe itafanyika kantini, saa tisa alasiri, kwa kahawa na keki. Kamati ilitaka tusherehekee nje, chini ya miti ya karakana, na lije gari la kukaanga chipsi. Aaltje akauliza swali moja tu: gari hilo litasimama wapi? Nafasi iliyokuwepo ilikuwa juu ya mizizi tu. Kwa hiyo ni kantini.

Nimeombwa mimi, Sjoerd Tolsma wa kitengo cha majitaka, niandike wasifu huu, kwa sababu hakuna mtu hapa aliyegombana naye kunizidi. Kazi yangu ni kuchimbua mitaa. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba tukishafukia, miti bado iko hai. Watu wa kazi hizo mbili hawakutegemewa kuwa marafiki, na hata leo siwezi kusema urafiki wetu ulianza lini.

Alikuja kwetu kutoka kitalu cha miche cha baba yake, akavaa mabuti yaliyomzidi miguu, na akaanza kupanda. Miti yote ya barabara ya stesheni, ile mnayoegemezea baiskeli mkimsubiri mtu, ni kazi ya mikono yake, tena kwenye mvua ya Novemba, wakati sisi wengine tumejibanza ndani ya gari na mikate yetu ya jibini. Mashimo yake yalikuwa mapana mno. Tulimtania kwamba anazika ng'ombe. Aliendelea kuchimba, na miti ile leo imeipita urefu miti mingine yote mjini.

Baadaye akapewa kazi ya kulinda miti mahali tunapojenga, na hapo ndipo sote tulipomjua vizuri. Adui yake mkubwa hakuwa msumeno. Alikuwa neno dogo ambalo sisi Waholanzi tunalo mdomoni kutwa nzima: even, yaani mara moja tu. Naweka mawe haya hapa mara moja tu. Naegesha katapila chini ya mti mara moja tu. Kwetu mara moja hiyo inaweza kuchukua wiki tatu. Udongo unashindiliwa, mizizi inakosa hewa, na mti haufi siku hiyo. Unaanza kukauka miaka kadhaa baadaye, wakati aliyeegesha ameshahamia idara nyingine na anashangaa pamoja na wengine.

Basi Aaltje akawa mtu wa uzio. Kabla hatujashusha hata koleo, uzio umeshazunguka mti, na ndani yake haingii kitu. Alimtolea nje mkandarasi choo cha kuhamishika kikiwa na mtu ndani. Siku ya Mfalme bendi ya tarumbeta iliomba kusimamisha jukwaa juu ya mizizi ya mti mmoja mkubwa, mara moja tu, na ikaishia kupiga muziki ukingoni kabisa mwa mfereji, mpiga ngoma kubwa akichungulia maji kila akipiga. Wapo waliomwita mkaidi. Mimi nilimwita vibaya zaidi ya hapo, na alikuwa akinisikia.

Lakini ukimuuliza yeye kuhusu miaka yake hapa, atakutajia mti mmoja tu, mwaloni wa Touwkade, mtaa wa ukingoni mwa mfereji. Mwaka juzi tulitakiwa kubadilisha mabomba yote ya ukingo ule, na bomba jipya lilipangwa kupita palepale penye mizizi. Mchoro ulisema mti ukatwe. Wakazi wengi walifurahi. Kila kiangazi mwaloni ule ulikuwa na viwavi ambao nywele zao huwasha mwili mzima, na aliyeongoza walalamikaji alikuwa mzee Wubbo Hoekzema, mwokaji mikate mstaafu wa nyumba iliyoutazama mti. Kwenye mkutano wa wakazi alisimama akaifunua shingo yake mbele ya watu wote.

“Aaltje, mama, mti wako umeniwasha miaka kumi,” alisema. “Ukate, nife bila kujikuna.”

Ukumbi ulicheka, na Aaltje naye alicheka. Kisha akaahidi kwamba viwavi watafyonzwa kwa mashine kila mwaka, na akamwomba mhandisi wetu, Noortje Wessels, bomba lipitishwe chini zaidi ya mizizi. Noortje alikubali kwa sharti gumu, na sikumlaumu. Mti uliojeruhiwa mizizi unaweza kuangukia nyumba. Sharti lenyewe: uzio ukifunguliwa hata siku moja kabla ya kazi kwisha, mwaloni utaandikiwa kukatwa, na atakayetia saini ni Aaltje mwenyewe.

Tulichimba kwa kupuliza udongo kwa upepo, taratibu kama watu wanaofukua vyungu vya kale, nami nilinung'unika mwanzo hadi mwisho. Uzio haukuguswa. Ilikuwa imebaki wiki moja tumalize, mwezi wa Desemba, gari la wagonjwa lilipofika. Mzee Wubbo alikuwa anarudishwa nyumbani. Madaktari walikuwa wamemaliza yao, na yeye alikuwa ameomba akafie kitandani kwake. Mtaa mzima ulikuwa handaki. Mahali pekee pa kusimama ili machela ifike mlangoni palikuwa ndani ya uzio.

Dereva, kijana wa watu, alishuka akasema: “Mama, tunaingia mara moja tu, tumshushe mzee.”

Sote tuliacha kazi. Aaltje alimtazama yule kijana, akautazama mti, kisha akafungua uzio kwa mikono yake.

“Hilo la mara moja sitaki kulisikia,” alisema. “Ingieni, na mkae mpaka mzee alale vizuri. Asikimbizwe na mtu.”

Tulitandika mbao nene mbio mbio, gari likaingia, likakaa. Siku hiyohiyo alimpigia Noortje simu akamweleza alichofanya. Hakuna aliyemlazimisha. Noortje akasema watasubiri majani. Mwaloni usipochipua, saini iko palepale.

Majira yote ya baridi Aaltje alilegeza udongo ule kwa mikono, na alipita kwa Wubbo kunywa kahawa. Mzee alilazwa dirishani. Malalamiko hayakuisha, ila sasa alilalamika kwamba turubai la uzio linamzibia mti. Aaltje akatuamuru tuliondoe. Mzee Wubbo alifariki Februari, matawi yakiwa bado matupu. Nilimwona Aaltje akilia nyuma ya gari langu, na nilijifanya natafuta spana.

Mwezi wa Mei mwaloni ulichipua, isipokuwa tawi moja kubwa la upande wa nyumba ya Wubbo. Aaltje alisimamia likikatwa, na mti umebaki. Noortje alimuuliza mbele yetu kama angefungua tena uzio ule, akijua angeweza kuupoteza mti wote badala ya tawi.

“Ningefungua,” alijibu. “Mti ni wa watu wa ukingo huu, na Wubbo alikuwa mtu wa ukingo huu.”

Aaltje, ahsante kwa miti, na ahsante kwa ugomvi wote. Umetuomba tusipande mti kwa jina lako, eti tutaukosea mahali. Tumekusikia. Upumzike na mumeo Durk, muendeshe baiskeli mpaka mchoke, na miaka iliyobaki iwe mingi na myepesi. Jumatatu sisi wa majitaka tunaanza kuchimba mtaa wa Lijnbaan, ambako kuna miti kumi na moja. Hakuna aliyetuambia kitu, wala aliyekuja kutusimamia. Jana jioni tumeizungushia uzio yote.