Herufi Tatu za Mwalimu Wembe

MAMA: Haloo? Nani huyo ananong'ona? Kama ni tapeli umekosea nyumba, mjanja wa hapa ni mimi.

MWALIMU: Mama, ni mimi. Shikamoo.

MAMA: Marahaba. Mimi nani? Namba hii siijui.

MWALIMU: Binti yako, Mama! Simu ni ya katibu wa idara. Yangu nimeizima.

MAMA: Umeizima ina nini? Ngoja kwanza niache cherehani... Haya. Si leo unawaaga wale wanafunzi wako wa mwaka wa mwisho?

MWALIMU: Ndiyo. Saa nane.

MAMA: Sasa hivi ni saa nane na robo.

MWALIMU: Najua.

MAMA: Uko wapi?

MWALIMU: Stoo. Hii ya karatasi za mitihani. Nimejifungia.

MAMA: Mhadhiri mzima wa chuo kikuu.

MWALIMU: Usicheke.

MAMA: Sijaanza. Nani kakukimbiza?

MWALIMU: Asubuhi niliwaandikia kwenye kundi la darasa. Nilitaka kusema, "Leo saa nane, chumba namba tisa, nawaaga nyote." Sasa hii simu yangu, si unajua inavyopenda kunimalizia maneno—

MAMA: Ikamalizia nini?

MWALIMU: "Nawaogopa nyote."

MAMA: Uuuwi! Uwi, mbavu zangu! Jirani! Hebu njoo usi—

MWALIMU: Usimwite jirani!

MAMA: Si ndiwe unayewakata nusu alama kwa kila herufi wanayokosea? Si ndiwe wanayekuita Wembe?

MWALIMU: Ndiyo balaa lenyewe! Kiongozi wa darasa kapiga hesabu ubaoni. Herufi tatu, alama moja na nusu. Kapiga picha, kanitumia. Chini kaandika kwa wino mwekundu, "Isome kazi yako kabla ya kuileta." Maneno yangu mwenyewe, Mama!

MAMA: Huyo mpeni shahada mbili.

MWALIMU: Na wengine wanajibu, "Nasi tunakuogopa, Mwalimu, tangu mwaka wa kwanza." Simu inalia ti! ti! ti! Ndiyo nikaizima.

MAMA: Sikia. Mimi na darasa langu la saba, nilimwandikia baba yako barua. Nilitaka kusema "nakupenda". Herufi moja tu ikaniponyoka, nikaandika "nakupanda".

MWALIMU: Mama!

MAMA: Alifika siku hiyohiyo, shati kalivaa nje ndani. Ningeandika sawasawa, leo nani angejifungia stoo?

MWALIMU: (anacheka) Nyamaza, watanisikia!

MAMA: Basi toka. Chekeni wote, waage, kwisha habari.

MWALIMU: Siwezi.

MAMA: Kwa herufi tatu?

MWALIMU: Si herufi. Hawa nimeanza nao, Mama. Siku yao ya kwanza chuoni ilikuwa siku yangu ya kwanza kufundisha. Kalamu ya ubao ilinidondoka mara mbili. Nikajifanya mkali wasinione ninavyotetemeka, nao wakaniamini miaka minne. Leo nikifungua mdomo tu...

MAMA: Haloo? Unakatika. Ukifungua mdomo nini?

MWALIMU: Nitalia! Mbele yao wote!

MAMA: Ahaa. Kwa hiyo simu haikukosea.

MWALIMU: (anapenga kamasi)

MAMA: Unalia sasa?

MWALIMU: Nacheka.

MAMA: Huku inasikika hivyohivyo.

MWALIMU: Shh! Wanagonga.

MAMA: Nani?

MWALIMU: Wao. Bila shaka katibu kawaelekeza. Wamekuja wote. Viatu vinasikika korido nzima... ngoja, kiongozi wao anasema kitu.

MAMA: Anasemaje? Sema basi!

MWALIMU: Anasema... Mama, anasema kama nawaogopa, watafumba macho. Niwaage hivyohivyo, hakuna atakayeniona.

MAMA: Uwi. Uwi, watoto wa watu.

MWALIMU: Nachungulia tundu la ufunguo. Wamefumba kweli! Watu thelathini na wawili! Mrefu yule wa nyuma kafumba kwa viganja vyote viwili. Kuna mmoja anaiba, jicho moja liko wazi.

MAMA: Huyo ningekuwa mimi. Fungua mlango.

MWALIMU: Uso wangu uko vibaya.

MAMA: Uso huo niliutengeneza mwenyewe, hauna ubaya. Fungua! Na simu usikate, nataka kusikia.

MWALIMU: Inalia kidogokidogo, salio la katibu linaisha—

MAMA: Basi harakisha! Ishike juu, juu kabisa!

MWALIMU: Mama, asante. Nafungua. (mlango, kelele, vigelegele) Jamani! Jamani, tulieni! Nani kawaruhusu kufika kwenye stoo ya mitihani? (vicheko) Darasa! Fumbueni macho. Fumbueni, nimesema. Nitazameni hivihivi, machozi na makamasi.

MAMA: Paza sauti, mwanangu!

MWALIMU: Ule ujumbe wa asubuhi nimeusoma tena, herufi kwa herufi. Hauna kosa. Rudisheni alama yangu moja na nusu. (kelele) Ila kuna neno moja nililiacha, na hili siiachii simu inimalizie. Nyote, kila mmoja, nawa—

MAMA: Nawa nini?

MAMA: Haloo? Nawa nini? Katibu gani huyu asiyeweka vocha! Haloo! Nawa nini, mwanangu?