Kuku Waliofungishwa Saumu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na kwaya, asifiwe na sisi wa viti vya nyuma! Mimi ni Mama Neema, nafuga kuku wa nyama kule Tomondo. Nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa kwenye ujinga kwa kitunguu. Chekeni tu, hata mimi nilicheka, ila baadaye.

Mnajua nimekuja Unguja kwa ndoa, kutoka Dodoma. Mwaka jana makundi mawili ya kuku yaliniharibikia mfululizo. Wanakula, hawakui! Wiki ya tano, kuku ana mwili wa wiki ya tatu. Nikawa nawatilia antibayotiki kwenye maji, wala hawaumwi, nataka wanenepe tu. Daktari wa mifugo akanigombeza, akasema dawa ni ya mgonjwa. Nikaacha. Kundi la tatu likaingia, na mume wangu akasema, "Hawa wasipokua, banda navunja." Ndugu zangu, banda lile ndilo kazi yangu. Bila hilo ningebaki kukaa barazani tu, mgeni katika mji wa watu.

Nikamlilia jirani yangu Bi Mwanaidi, mzaliwa wa Makunduchi, mfugaji wa siku nyingi. Alikuwa upande wa pili wa ukuta anaanua nguo. Akaniambia, "Wape thomu asubuhi, mwanangu, ukae uone."

Sasa sikilizeni! Sisi wa bara tunasema kitunguu swaumu. Hilo neno thomu sikulijua, na sikio langu likasikia saumu. Tena Ramadhani ilikuwa mlangoni, mtaa mzima mazungumzo ni kufunga. Nikajisemea, kumbe hata kuku hufungishwa? Ningeuliza, lakini nilishachekwa sana kwa Kiswahili changu cha bara, nikaona haya. Asubuhi nikaondoa chakula chote bandani, nikawaachia maji. Na mimi nikafunga pamoja nao, nawaombea!

Weee! Kufika adhuhuri banda linapiga kelele mtaa mzima unasikia. Bi Mwanaidi akaja mbio. "Kuku wana nini?"

Nikamjibu kwa unyenyekevu, "Wamefunga, Bi, kama ulivyosema."

Akanitazama. Akakaa chini kabisa, mtandio ukamwanguka. "Thomu, mwanangu! Kitunguu thomu! Nani kakwambia kuku ana dini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alipomaliza kucheka nikaanza kumuuliza, na maswali hayakukoma. Thomu inafanya nini mwilini mwa kuku? Nitie kiasi gani? Akasema yeye anaona inawasaidia tumbo, na kuku mwenye tumbo zima anafaidi anachokula. Siku ya kwanza nikatia nyingi, wakakisusa chakula kwa harufu. Nikapunguza, nikawa natwanga kidogo tu na kuchanganya vizuri. Kisha nikagawa banda kwa wavu, hawa wanapata thomu, wale hawapati, chakula kile kile, maji yale yale. Nikaazima mizani dukani. Kila Jumamosi napima, vidole vinanuka thomu mpaka kanisani, nadhani mlisikia! Mume wangu naye akawa anachungulia, "Leo wepi wamezidi?"

Sitii chumvi, nipo mbele za Mungu. Hawakugeuka mbuni. Lakini wa upande wa thomu walikuwa wazito zaidi, wachangamfu, na walikua kwa wakati. Kwa nini hasa? Yote siyajui. Huenda na usafi niliouongeza umesaidia, ndiyo maana hata kundi la sasa nawapima. Natamani sana kujua!

Banda halikuvunjwa. Baba Neema yule pale, msimwangalie sana, Jumamosi iliyopita kashika nyundo anaongeza chumba cha pili.

Ndugu zangu, mimi Mungu kaniokoa na haya ya kuuliza. Kama upo hapa una jambo linakusumbua na unaogopa kuchekwa, uliza! Mtumaini Mungu, atakujibu hata kwa mdomo wa jirani asiyesali nawe. Namshukuru kwa ajili ya Bi Mwanaidi, ambaye jana kanichungulia ukutani, kanambia, "Mama Neema, mwezi unakaribia kuandama. Mie nnafunga. Kuku wako wape chakula!"

Amina, na atukuzwe!