Korongo Weusi wa Mzee Majivu

Tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Majivu atarudisha funguo za stoo ya kamera, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupiga picha katika kituo chetu cha utafiti wa ndege wa majini. Viatu vyake vya mpira hatutavipokea. Vimetoboka vyote viwili, na mtunza stoo amesema aende navyo tu.

Aliajiriwa apige picha za kutambulisha ndege: mdomo uonekane, manyoya yaonekane, rangi ya miguu ionekane. Akazipiga, tena kwa ustadi. Lakini alfajiri, kabla ya saa za kazi, alikuwa akishuka bwawani kutafuta picha zake mwenyewe. Alisimama topeni akiwa ameielekea nuru, jambo ambalo kila mwalimu wa kamera hulikataza, akangoja mpaka korongo abaki umbo jeusi tu: shingo, mdomo, na miguu myembamba kama njiti za kiberiti. Maji na mbingu vilikuwa na rangi moja, ya majivu yaliyopoa, usijue kipi kinaishia wapi. Jina lake lilitoka hapo.

Mimi ni fundi wa chumba cha kuchapia, na naomba nikiri kosa langu la wiki ya kwanza. Nililetewa picha zake kumi na mbili za kalenda. Nikaona giza, nikadhani kamera imemgomea, nikaziongeza mwanga moja baada ya nyingine mpaka manyoya yakaonekana. Kalenda mia tano! Mkurugenzi alinipongeza. Mzee Majivu hakufoka. Kesho yake alinishika mkono, akanipeleka bwawani, akanisimamisha kwenye tope la magotini saa nzima, tukiielekea nuru. Viatu vyangu vipya vya ngozi viko hukohuko hadi leo. Niliporudi nilikuwa nimeelewa.

Mwaka jana daktari wa macho alimwambia kwamba presha ya macho imekwishalimaliza jicho la kulia, na la kushoto haliko mbali. Mzee alitutania kuwa sasa anaiona dunia yote kama picha zake. Tulicheka, kisha kila mtu akajitafutia kazi ya kufanya. Alichotaka ni picha moja tu ya mwisho kabla nuru haijamwishia.

Jumanne iliyopita tulikwenda wawili. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na kimya kilikuwa kizito hata nikahisi tunaota ndoto moja. Korongo mmoja alikuwa amesimama peke yake. Nilimwongoza Mzee kwa kumgusa bega: kushoto kidogo, chini kidogo. Akashusha pumzi, akabonyeza. Akaniuliza kama korongo yumo. Nikamjibu kuwa yumo, tena mzuri kuliko wote. Alitabasamu njia nzima ya kurudi.

Shemeji, najua ni wewe unayemsomea mumeo jarida hili la kituo, kwa hiyo hapa msomee polepole. Mzee, nilikudanganya. Korongo aliruka kabla hujabonyeza. Pichani hakuna ndege, kuna miduara miwili tu majini, pale miguu yake ilipokuwa. Nimeichapa kubwa. Wafanyakazi wote wamepita kuitazama, na Mkurugenzi amerudi mara tatu, wala hakuna aliyeuliza ndege yuko wapi.

Asante kwa miaka yote hiyo. Tunakuombea mapumziko ya raha, wewe na shemeji yetu. Nami Jumanne alfajiri nitakupitia, twende bwawani, nikuambie kweli yote ninayoiona.