Bilauri ya Saba Haimwagwi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya dawa za usingizi, fundi sanifu wetu anastaafu. Jina lake la kwenye faili wanalijua watu wa utumishi. Sisi wengine tunamwita Bi Sifuti, na aliyesababisha jina hilo ni mimi, mhadhiri wa somo.

Alianzia chumba cha kuoshea vyombo, kile chenye bomba linalolia hadi leo. Haikupita miaka miwili akawa ndiye anayetuandalia mazoezi yote, na ndiye anayetuficha tunapovunja vitu.

Kwa wasioijua kazi yetu: kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Kitabu chetu cha mazoezi kilifundisha kwamba dawa ya usingizi huyeyuka katika mafuta hayo, na kadiri inavyoyapenda, ndivyo inavyolaza kwa kiasi kidogo zaidi. Basi kila mwaka wanafunzi walitia viluwiluwi wa chura katika bilauri saba, kila moja na alkoholi yenye mnyororo wa kaboni mrefu kuliko iliyotangulia, na hivyo inayopenda mafuta zaidi, wakahesabu waliolala. Bilauri sita zilitii kitabu. Katika ya saba, yenye dawa inayopenda mafuta kuliko zote, viluwiluwi waliogelea kama waliotiwa maji matupu.

Mimi, kwa elimu yangu yote, nilijua jibu: fundi kakosea kupima. Nikamwambia afute daftarini safu ya bilauri hiyo ili mchoro unyooke. Alirudia jaribio mara tatu, kisha akaandika daftarini kwa wino mwekundu: Sifuti. Nikampelekea barua ya onyo. Akaitumia kufunikia daftari lenyewe. Mkuu wa idara wa wakati huo alimwita na kumuuliza yeye ni nani hata abishane na kitabu. Akajibu kwamba yeye ndiye anayehesabu viluwiluwi, na kitabu hajawahi kukiona kikija maabara. Alikaa miaka minne bila kupandishwa cheo. Hakufuta.

Nilipokwenda maktaba kutafuta ushahidi wa kumnyamazisha, nikakuta watafiti wa mbali walikwishaliona jambo lilelile zamani. Mnyororo ukizidi urefu fulani, dawa haifanyi kazi tena, hata ikiyeyuka vipi katika mafuta. Inaelekea dawa hizi hujishikiza pia kwenye protini zilizopachikwa katika utando, kwenye vishimo ambavyo molekuli ndefu mno haiingii. Wataalamu bado wanabishana kuhusu mengi; viluwiluwi wake hawana shida nao.

Nikateremka maabara na biskuti na samahani. Biskuti alipokea. Samahani akasema niiandike kitabuni, ukurasa wa kumi na mbili, penye zoezi hilo.

Kamati inayosimamia kitabu iliahirisha marekebisho, ikaahirisha tena. Ndipo mwezi uliopita aligoma kusaini fomu ya makabidhiano, na bila fomu hiyo hastaafu mtu. Mumewe alipiga simu kuuliza lini tutamwachia mkewe. Tukamweleza kwamba tulioshikwa ni sisi.

Jumanne ukurasa ulitoka: bilauri ya saba isimwagwe, na matokeo yake yasifutwe. Aliusoma amesimama, akakagua tarakimu moja moja, akasaini. Kwa wino mwekundu.

Bi Sifuti, asante kwa kutukatalia. Nenda na afya na siku ndefu zenye raha. Ukurasa wa kumi na mbili tutaulinda sisi.