Ligi ya Shitanda

Mwaka wa 1953, kwenye treni ya kwenda Eldoret, karani mmoja, Shitanda, alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti habari za ligi mpya. Timu za Turbo, Kitale na Eldoret zingeanza Jumamosi, na wachezaji wangelipwa. Mimi niliketi mbele yao. Jirani huyo, Kipyego, golikipa na kibarua wa mzungu huko Chepsaita, alitazama mlango kwanza.

"Punguza sauti, ndugu. Siku hizi za Hali ya Hatari, watu wakijaa uwanjani, serikali inaona mkutano wa siasa."

"Ni mpira tu!"

"Utamwambia nani? Bwana akisikia, atanifukuza shambani, mimi na mke wangu."

Treni ikasimama. Nje askari walikuwa wakikagua vipande, vile vitambulisho vya Waafrika. Shitanda, ambaye sauti yake ilijaza behewa tangu Turbo, akanong'ona, "Wakiuliza, hatujuani."

"Kweli hatujuani," Kipyego akajibu. "Lakini Jumamosi mnaanza saa ngapi?"